Maneno ya Kuoshea Mguu

Jumamosi, katikati ya Julai. Manyunyu yameanza kabla hatujaamka, na mpaka saa hii ya kuandika hayajaamua kama ni mvua au ni ukungu. Nguo nilizofua juzi bado zimening'inia kwenye kamba ya ndani, na nyumba yetu nzima hapa Bungoma inanuka sabuni na unyevu, ule unyevu unaoingia mpaka kwenye blanketi. Kuna neno la Kiingereza la nyumba ya namna hii, nalo ni "dank". Nililijua kabla sijajua jina la jirani hata mmoja kule Kitale, na mama aliyenipa neno hilo tulimzika Alhamisi.

Sijui kama nitaweza kuandika habari zake sawasawa. Niliishia darasa la nane, na hata hicho Kiingereza nilicho nacho ni cha upande mmoja. Ukiniambia nieleze ua, nitasema "nice" kama mtoto wa nasari. Lakini nipe zulia lililokojolewa na paka, au nyama iliyolala nje ya friji, au ukuta uliofanya kuvu, nitakupa maneno mpaka uombe niache. Mume wangu Wafula husema ati niliokota Kiingereza kwenye jalala. Ni kweli kiasi fulani. Mwaka mmoja wa maisha yangu, mwaka wa elfu mbili na nne, nilifundishwa majina ya sura za vitu vibaya, na karibu sikufundishwa kingine, na sababu yake ilikuwa mguu wa mtu.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma ya hema, pale maji ya mvua yanapodondokea shingoni. Watu walisimama mmoja mmoja kwenye kipaza sauti na wote wakasema alikuwa mama mzuri. Mzuri, mzuri sana, mzuri ajabu. Siwalaumu, hata mimi ningesimama ningesema hivyo. Ila kichwani nilikuwa nasikia sauti yake: "Mzuri ni nini? Hata uji ni mzuri. Sema kitu." Watu walipoanza kutawanyika, mwanawe Kariuki alinikuta nikitafuta mwavuli wangu. Ameota mvi, na nilishtuka kuona anatembea kama mamake, bega moja mbele. Akanishika mkono akasema, "Nekesa, Jumamosi nitapita kwako. Niko na kitu yako." Hakusema ni nini. Basi tangu asubuhi niko hapa nasikiliza gari, na kwa sababu mtu hawezi kusikiliza gari siku nzima bila kazi nyingine, naandika.

Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, barabara ya kwenda Kapenguria, shamba la mahindi mbele na nyuma. Nilifika nikiwa na miaka kumi na tisa, nikitokea kwetu Bumula, nimetumwa kumsaidia kazi za nyumba. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na watu wote walimwita Mwalimu, hata wale wa umri wake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umechukua macho yake, ukamwachia mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Nilimkuta jikoni, kwenye kiti cha mbao kando ya jiko, mguu wa kushoto umewekwa juu ya stuli na umefungwa bandeji. Hakuniuliza jina kwanza. Aliniambia, "Pita pale sebuleni, uangalie makochi yangu, urudi uniambie yakoje." Nilikwenda nikaangalia. Nikarudi nikasema, "Ni mazuri, Mwalimu." Akasema, "Uongo. Yalikuwa mazuri siku Kariuki alioa. Rudi." Nilirudi. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, "Ni mabaya kidogo." Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mabaya yanafanya aje? Yanaiba? Yanatukana wageni?" Nikamwambia kitambaa kimepauka, na pale katikati kumebonyea, na sponji imetokeza kwa mkono. Ndipo akanipa maneno yangu ya kwanza, "faded" la kupauka, "lumpy" la kubonyea na kuvimba vimba, na moja la kufunika yote, "shabby". Akanifanya niyatamke. Mimi Mbukusu na yeye Mkikuyu, kila mmoja na shida yake ya "l" na "r", kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake, lakini tulichekana.

Ilikuwa hivyo kila siku. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile miaka mingi na sasa ilikuwa inamtoroka, na alitaka kujua inamtoroka kwa namna gani. Vitu vizuri hakuviulizia sana. "Vizuri navikumbuka," alisema, "vibaya ndivyo vinabadilika." Pazia la jikoni lilikuwa "dingy", la weupe uliogeuka wa majivu. Mbwa wa jirani aliyekuwa akipitia kwenye ua alikuwa "mangy", manyoya yametoka mabaka mabaka. Geti ambalo Kariuki alilipaka rangi ya chungwa na kijani ili kumfurahisha lilikuwa "garish", rangi za kupiga kelele, na tuliapa hatutamwambia. Kulikuwa na sharti moja tu. "Maneno haya ni ya vitu," aliniambia siku ya kwanza au ya pili, sikumbuki vizuri. "Siku nitakusikia umemwambia mtu neno moja katika haya, utatafuta pa kulala." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Naikumbuka siku ya viazi kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Gunia lilikuwa limesahaulika stoo, chini ya magunia ya mahindi, na harufu ikatufikia hata kabla ya kulifungua. Nasema ikatufikia, lakini ilinifikia mimi. Pua ya Mwalimu ilikuwa imekufa. Alivuta ugoro kwa siri, kopo lake limefichwa nyuma ya sukari ambayo hakuruhusiwa kula, na wamama wa kanisa hawakujua, au walijua wakanyamaza. Alinifanya nimwage gunia uani na kumletea viazi mkononi kimoja kimoja. Akavipapasa na kunipa daraja la kila kimoja. Kilicholainika upande na kuanza kutoa harufu ya kukuchukiza, hicho ni "foul". "Foul" unachukua kisu, unakata ile sehemu, kilichobaki kinaingia sufuriani. Kilichogeuka maji ndani ya ganda, harufu inakushika kooni, hicho ni "putrid". "Putrid" hukati, unatupa, na unatupa mbali. "Usichanganye," alisema. "Ukiita foul putrid, umetupa chakula. Ukiita putrid foul, umewalisha watu sumu." Nilikaa uani mchana wote nikigawa viazi, nikisema "foul, foul, putrid, foul" kama mtu anayehesabu kondoo, na yeye ameketi mlangoni akinisikiliza, ameridhika kabisa.

Nisiandike kana kwamba yote yalikuwa kicheko. Kuna siku nilimchukia. Nilikuwa nimekuja na mbegu za mrenda kutoka kwetu, zimefungwa kwenye pindo la leso, nikazipanda kando ya tanki la maji. Ziliposhika nikachuma, nikapika na magadi kidogo mpaka mboga ikalegea vizuri, nikasonga ugali, nikampelekea nikiwa na furaha ya mtu aliye nyumbani. Aliingiza kidole, akakiinua, mrenda ukafuata kidole kama unavyofuata. Akasema, "Slimy." Neno la konokono. Neno la sabuni iliyolala ndani ya maji. Nikasimama pale na sinia, machozi yananijaa, nikiwaza jinsi mamangu anavyoinama kuchuma majani yale, na mama huyu anayaita makamasi. Alikuwa hanioni lakini alisikia jinsi nilivyonyamaza. Akasema, "Nekesa, njoo ukae. Nimesema inateleza. Sijasema sili." Akamega ugali, akachovya, uzi wa mboga ukamlalia kidevuni, akala. Akala tena. "Inashuka bila kuuliza ruhusa," akasema. Jumatano iliyofuata alinipa githeri lake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha bila chumvi kwa ajili ya presha, akaniuliza likoje. Nikakusanya nguvu nikasema, "Bland, Mwalimu. Very bland." Halina ladha hata ya kusingiziwa. Alicheka mpaka akapiga chafya za ugoro, na tangu siku hiyo mrenda ulipikwa ndani ya nyumba ile kila wiki.

Mguu alinikabidhi mwezi wa tatu hivi. Kabla yake kulikuwa na mama mwingine aliyekuja kuuosha, na yule mama kila siku alikuwa anasema, "Unaendelea vizuri, Mwalimu, utapona tu." Aliacha kuja, akapata kazi mjini. Mwalimu akaniita, akaniambia nifunge mlango wa jikoni. "Kwenu," akauliza, "mtoto anaweza kumwambia mama mzee kwamba ananuka?" Nikamwambia haiwezekani. Kwetu mtu mzima akiwa mgonjwa unamwambia anaonekana na nguvu leo, hata kama unamwona anakwisha. Kumtajia mzazi uchafu wa mwili wake ni kama kumvua nguo. "Kwetu pia," akasema. "Sasa sikia. Macho yangu yameenda. Pua nimeua mwenyewe na ugoro. Na huu mguu haunipashi habari, unaweza kuukanyaga na usisikie mtu akisema ai. Nimebaki na wewe. Ukiona kitu ukanyamaza kwa heshima, hiyo heshima itanizika. Kwa hivyo tufanye hivi. Mguu ukiingia ndani ya karai, tunaongea Kiingereza. Hicho hakina mama yako wala mama yangu, hakuna wa kukasirika. Mguu ukitoka, unarudi kuwa mtoto wa adabu."

Karai lilikuwa la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi chini. Nilitia maji ya uvuguvugu na chumvi, nikayapima joto kwa kiwiko, kwa sababu yeye angeweza kuungua bila kujua. Nilipofungua bandeji mara ya kwanza, Kiingereza chote kilinitoka. Nikasema, "It is big." Akasema, "Swollen. Endelea." Nikasema ngozi iko kama ya samaki. "Scaly." Nikasema rangi ni ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. "Discoloured." Nikasema pale chini ya kidole cha mwisho kuna kidonda kama ukubwa wa kitufe cha shati, na kinatoa maji. "Oozing," akasema. "Unaona? Hakuna aliyekufa." Mkono wake ulikuwa kichwani kwangu muda huo wote, juu ya kitambaa changu, umetulia tu kama wa mtu anayegusa mlango aujue uko wapi. Mpaka leo nikiinamia karai la maji moto nasikia uzito wa ule mkono. Nilikausha katikati ya vidole, nikapaka dawa ya zahanati, nikafunga. Nikamwaga maji. Halafu kwa Kiswahili nikasema, "Mwalimu, leo unaonekana na nguvu." Akajibu, "Asante, mwanangu," na wala hakuna kati yetu aliyecheka.

Tuliendelea hivyo miezi mingi. Kuna wiki kidonda kilikauka, na maneno yakapungua, tukawa tunaosha kimya. Kuna wiki kilirudi. Kariuki alikuwa na duka la dawa za mifugo na mbegu mjini, na alikuja kila Ijumaa jioni na Jumapili. Alikuwa mtu mpole. Alimletea mamake ndizi ambazo hakuruhusiwa kula kisha akazila mwenyewe, alimsomea magazeti, alirekebisha tanki. Kitu kimoja tu hakuweza. Karai likitoka, yeye alitoka. Alikuwa anakumbuka shughuli kwenye gari. Mwalimu alisikiliza hatua zake zikienda akasema, "Baba yake pia alikuwa hivyo. Ng'ombe akizaa alikuwa anaenda kuangalia ua." Alisema bila uchungu, na mimi naandika vivyo hivyo.

Wiki ninayotaka kueleza ilikuwa ya mwezi wa kumi, mahindi yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Jumatano nilimwambia harufu ni "stale", kama chumba kilichofungwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi nikasema ni zaidi kidogo. Ijumaa Kariuki alikuja na zawadi, mkebe wa marashi ya kupuliza chumbani, ya waridi. Akapuliza sebuleni, akapuliza jikoni, akapuliza mpaka chini ya stuli. Jumamosi nilipoosha mguu nilimwambia ukweli, kwamba waridi limefunika kila kitu na siwezi kusema lolote, ila kidole cha mwisho kimekuwa cheusi kidogo upande. "Cheusi au cha zambarau?" akauliza. Taa ilikuwa hafifu. Nikamwambia sijui. Akasema basi kesho asubuhi, mlangoni, kwenye mwanga. Lakini Jumapili hiyo wamama wa kanisa walikuwa wanakuja kwa maombi na chai, na walikuja mapema kuliko walivyosema, kabla sijapasha maji.

Walikuwa wengi kiasi cha kujaza sebule, wakiongozwa na Mama Wambui, mama mnene wa sauti nzuri. Waliimba, wakaomba, nikapitisha chai na mkate uliopakwa siagi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kochi lake la "shabby" na mguu kwenye stuli, na Kariuki amesimama karibu na dirisha, amelifungua. Mama Wambui akasema, "Mama Kariuki, Bwana asifiwe, uso wako unang'aa leo." Wengine wakaitikia. "Mguu umepona huo, tumeona kwa macho yetu." "Krismasi utakuja kanisani na miguu yako." Nilikuwa mlangoni na birika. Mwalimu aliwaacha waseme wote. Kisha akauliza, polepole, "Mbona sauti zenu zote ziko mlangoni?" Akatega sikio. "Nasikia Mama Wambui pale kwenye kabati. Nasikia wengine karibu kutoka nje. Hapa kando yangu kuna viti vya watu watatu, na vimenyamaza. Kwani vina miiba?" Mtu mmoja akakohoa. Kariuki akasema, "Mami, ni joto tu, wanataka hewa." Mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu akageuza uso upande wangu, akasema, "Nekesa. Lete karai."

Sikutaka. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa jasiri. Nilileta karai kwa sababu sikujua namna ya kutoleta. Nikapiga magoti katikati ya sebule, mbele ya akina mama wa umri wa mamangu wamevaa vitambaa vyao vyeupe, nikafungua bandeji. Waridi halikusaidia tena. Nikasikia kiti kikiburutwa. Nikaweka mguu ndani ya maji, na mkono wake ukaja kichwani kwangu, akaniuliza kwa Kiingereza kile cha darasani, "What is it today?" Niliangalia kidole. Nikaangalia unyayo. Niliwaza viazi. Siku zile nilikuwa sijui chochote cha udaktari, na sasa pia sijui, nilikuwa na maneno mawili tu na tofauti yake. Nikasema, "The toe is putrid, Mwalimu." Nikavuta pumzi. "The foot is foul. Only foul."

Kariuki alitoka dirishani kama mtu aliyepigwa. "We! Nyamaza! Unasema nini? Huyo ni mamangu, si takataka!" Mama mmoja akasema, "Ngai, watoto wa siku hizi, ati anamwambia mzee hivyo mbele ya watu." Mwalimu hakuinua sauti. Mkono wake haukuondoka kichwani kwangu. "Una hakika?" akaniuliza, sasa kwa Kiswahili, ingawa mguu ulikuwa bado kwenye maji. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu." Akasema, "Sawa. Mwenye hakika angenitisha. Kariuki, washa gari. Hiki kidole kinatupwa leo, na mguu nataka kubaki nao." Na hapa lazima nimtendee haki Mama Wambui, kwa sababu nimemweka kwenye kabati pale mbali na angeweza kubaki hapo milele. Ni yeye aliyefungua leso yake mpya kiunoni, akapiga magoti kando yangu, akauviringisha ule mguu kama anaviringisha mtoto, na akakaa nao kwenye paja lake kiti cha nyuma mpaka hospitali, akiimba.

Walimkata kidole kile na kingine kilicho jirani nacho. Mguu ulibaki. Daktari alisema tu kwamba ameletwa kukiwa bado kuna la kufanya. Jioni ile nilikuwa jikoni peke yangu, nimekata sukuma wiki ambayo hakuna wa kuila, nikifikiria nitarudi Bumula na nini cha kusema, wakati Kariuki aliingia. Nilisimama. Akaniambia nikae. Akavuta stuli ya mguu wa mamake, akaikalia, mtu mrefu vile, magoti yamefika kifuani. "Hiyo harufu nilisikia tangu wiki ile ingine," akasema. "Kwani unafikiri nilinunua ile kitu ya maua ya nini? Ningesema aje, Nekesa? Nimwambie aje?" Nikamwambia hata mimi nisingeweza, kwa Kiswahili nisingeweza. Halafu akauliza, "Na mtu kama mimi, alikufundisha anaitwaje?" Nilielewa anachotaka. Alitaka neno. Nikamwambia, "Hakunifundisha ya watu. Alinifundisha ya vitu tu." Kisha akaniomba chai, na nilipomletea akauliza kama karai limeoshwa. Nikasema bado. Akaenda akaliosha mwenyewe, na mchanga, nje, kwenye mvua.

Mwalimu alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa, amekonda. Siku ya kwanza nilipomwosha uso, aliniuliza, "Na huu uso, Nekesa? Umeuona miezi mingi. Ukoje?" Nikamkumbusha sharti lake, kwamba maneno yangu ni ya vitu. Akasema, "Basi tumia ya kwenu." Nikasema, "Omulayi." Akauliza maana yake. Nikasema, "Mzuri." Nikamwona amejiandaa, kidole kimeinuka, "Mzuri ni ni—" Nikamkatiza, mara ya pekee niliyowahi kumkatiza. "Ni hivyo tu, Mwalimu. Kwetu hilo hatujaligawa." Kidole kikabaki hewani. Kisha kikashuka, na akaniacha nimalize kumpangusa. Mwisho wa mwaka nilirudi Bungoma, nikaolewa, na alinitumia salamu kila alipopata mtu wa kuja huku. Kama nilipaswa kwenda kumwona mara nyingi zaidi, sijui. Nilikwenda nilivyoweza, na haikuwa mara nyingi. Wakati mwingine nimejiuliza kama ningekuwa na masomo ningepata njia ya upole zaidi ya kusema siku ile, mbele ya wageni wake. Nimetafuta, na sijaipata.

Niliacha kuandika hapo kwa sababu gari lilikuja. Kariuki aliingia akipangusa viatu, akitusalimu mimi na Wafula, na mikononi amebeba kitu kikubwa kimefunikwa na leso iliyopauka. Nililitambua kabla hajalifunua, kwa ukingo wa buluu. Karai lile lile. Limejaa mrenda mpaka juu, mbichi, majani bado yana matone. "Nimechuma asubuhi," akasema. "Ile yako ya pale kwa tanki. Inajipanda yenyewe kila mwaka. Vibarua wakikuja kupalilia alikuwa anasimama pale na fimbo, anawaambia, hiyo ya Nekesa wacheni. Mpaka mwaka huu." Akaliweka mezani. Wafula akasema mvua imezidi. Kariuki akakubali kwamba imezidi. Kisha akanitazama akauliza, nusu mzaha, "Siku ile ya kidole. Ningekufukuza, ungeenda?" Nikamwambia ningeenda. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimefungua mdomo nikufukuze. Kisha nikaona mkono wake kwa kichwa yako."

Alikubali kungoja chakula. Alikaa jikoni kwangu akichambua majani kutoka kwenye vijiti, vidole vyake vinene vikipoteza nusu, huku nikipasha maji. Tulikula mrenda wa Mwalimu na ugali wa mahindi yaliyochanganywa na mtama, na samaki mkavu kidogo ambaye Wafula alimtoa alikomficha. Kariuki aliinua tonge, uzi wa mboga ukamfuata mpaka kidevuni, akausubiri ukatike. "Slimy," akasema. "Sana," nikasema, nikamwongezea.